Shikamoo Kwanza, Mpira Baadaye

Hapana, usinikatize. Umeshasema ulichosema. Umesema Kingoni si uwanja, ni mteremko uliowekewa magoli, na kwamba timu inayojiheshimu haiwezi kuchezea pale. Umesema mbele ya watu, tena mbele ya genge langu, huku umeshika kabichi yangu unaibonyezabonyeza kama mtu anayejua kabichi. Halafu ikakuponyoka, ikaviringika mpaka barabarani, lori la viazi likaipitia juu. Ile harufu ikapanda.

Wewe uliziba pua. Mimi nikanyamaza, na watu wote wa hapa stendi Lushoto wanajua mimi sinyamazi. Nilinyamaza kwa sababu harufu ya kabichi iliyopondwa, ile mbichi, kali, nusu chakula nusu udongo wa mvua, kwangu mimi ni harufu ya mpira. Wenzangu wakikumbuka mpira wa utotoni wanakumbuka vumbi, jasho, karanga za kukaanga. Mimi ni kabichi. Sasa kaa hapo kwenye kreti nikwambie kwa nini, na usiangalie simu.

Kwanza uujue uwanja wenyewe, maana unauponda na huujui. Wazee walituambia palikuwa zizi la ng'ombe la Mjerumani, enzi zile Wajerumani walipokuwa na shamba lao kule Kwai. Ndiyo maana mbele ya goli la upande wa msikiti majani huota kwa fujo, mpira unazama kama kwenye uji. Ni mbolea ile. Ng'ombe walikufa, Mjerumani akaondoka, samadi ikabaki. Baadaye watu wa kata wakaamua pawe uwanja, wakaitana msaragambo, kazi ya wote, kila nyumba jembe lake. Wakawa wanakata udongo upande wa mlimani na kuujaza upande wa bondeni, ili pawe sawa. Lakini mvua za masika zikafika kabla hapajawa sawa. Watu wakarudi mashambani kwao wakisema tutamalizia. Mpaka leo tunamalizia.

Kwa hiyo ndiyo, umelala upande. Sikatai. Ukisimama katikati mguu mmoja unajua uko mlimani na mwingine unajua uko bondeni. Upande wa mlimani walichonga matuta ya kukalia, kama yale ya shambani, na kila mtaa ulikuwa na tuta lake. Ole wako ukae tuta la watu. Upande wa bondeni hakuna matuta. Kuna kingo tu, imeoteshwa majani ya tembo ili udongo usiporomoke, na chini ya kingo kuna shamba la kabichi. Nguzo za goli la upande wa shule zilikatwa kwenye mkuyu, na anayeujua mkuyu anajua ukiuchomeka ardhini umeshaupanda. Nguzo moja ikachipua. Kila msimu kabla ya ligi ilibidi mtu apande akaikate matawi, na kuna mwaka walisahau, refa mgeni akasimama dakika nzima anaukodolea macho mpira ulionasa kwenye majani, hajui kama ni goli au ni tunda.

Halafu kuna jambo moja la lugha, lishike vizuri kwa sababu ndilo lililotuua. Sisi watu wa Shambaai hatuna kulia na kushoto. Tunazo shuleni, tukitoka getini tunaziacha hapo. Sisi tuna juu na chini. Juu ni upande wa mlima, chini ni upande wa bonde, basi. Nyumbani kwetu ukiambiwa "lala juu" maana yake sogea kwenye ukuta wa mlimani, na ukiambiwa "weka sufuria chini" hulitui sakafuni, unalisogeza upande wa bonde. Hata wali kwenye sinia ulikuwa na juu na chini. Usicheke.

Sasa shamba lile la kabichi lilikuwa la bibi yangu mzaa mama. Mjomba wangu Hoza, kitinda mimba wake, ndiye alikuwa kepteni wa timu, beki ya kati, mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe. Mimi nililelewa hapo hapo kwa bibi, kwa hiyo nililala nyumba moja na kepteni na adui wa timu.

Nasema adui kwa sababu ndivyo mji mzima ulivyosema. Mpira ukitoka nje upande wa bondeni, na kwa uwanja ule mpira ulitoka nje upande wa bondeni kama maji yanavyotoka kwenye bomba, uliviringika ukapita kwenye majani ya tembo, ukatua kwenye kabichi za bibi. Na bibi alikuwepo. Siku ya mechi hakukosa. Alikuwa na kisiki chake pale, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, jembe pembeni. Mpira ukitua, anauchukua, anauweka kwenye kisiki, anaukalia.

Ukitaka mpira, unashuka. Ukishuka, unaamkia. Si ile shikamoo ya kurusha kama jiwe, ile ilikuwa haihesabiki. Unasimama, unasema "Shikamoo bibi," anasema "Marahaba," halafu anakuuliza hali yako, mama yako, baba yako, kwenu wameshapanda, mvua imefika. Unajibu yote. Ndipo anainuka. Juu kule refa anaangalia saa, watu wanazomea, bibi hajali. Timu yetu walishazoea, walikuwa na mtu wao wa kushuka, mwenye adabu na mbio. Wageni ndio walioteseka. Walikuwa wanashuka mbio, "Bibi, lete mpira!" na bibi anawatazama kama hawajafika.

Watu walimsihi. Walimpa shamba lingine wabadilishane, la tambarare, karibu na mfereji, zuri kuliko lile. Akakataa. Wakasema ni ukaidi, wakasema anauchukia mpira. Na mimi niliyekuwa na hasira za kuzaliwa nazo niliona aibu kuitwa mjukuu wake. Nilimpenda mjomba Hoza kupita kiasi. Ukimtukana Hoza nilikuwa nakung'ata. Muulize fundi cherehani yule pale, bado ana alama mkononi.

Ndipo akaja kocha. Alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Tanga, ana kofia, ana filimbi shingoni, anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivi sasa nimeshapoa. Alitaka timu ipande daraja. Lakini alipouona uwanja alishika kiuno, akasema, "Huu unawaharibu. Kule nyika kuna uwanja tambarare, mpira unakaa pale ulipouweka." Mjomba Hoza akamjibu kwamba mpira unaokaa pale ulipouweka una ugonjwa. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe kocha akatamka mbele ya matuta yote: mechi inayokuja na timu ya Mnazi tukishinda, tunabaki Kingoni, tusiposhinda, msimu ujao mechi zetu zote za nyumbani zitachezwa nyika.

Nyika! Kushuka milima yote ile, kona juu ya kona, ukaangalie timu ya kwenu kwa watu.

Asubuhi ya mechi tulikuwa tunakunywa chai. Mjomba Hoza alikuwa hali, anazungushazungusha kiazi. Bibi akasema, taratibu, bila kumwangalia, "Waende tu huko nyika. Kabichi zangu zitapumua."

Mjomba akasimama. Akachukua daluga zake, akatoka. Hakumuamkia mama yake asubuhi ile, na hakumuaga. Katika nyumba ile hilo lilikuwa halijawahi kutokea hata siku ya msiba. Nilimwangalia bibi. Aliendelea kumenya kiazi kile alichokiacha mwanawe, akakimaliza, akakiweka kwenye sahani, hakukila.

Jioni ile matuta yalijaa mpaka watu wakakaa kwenye miti. Mnazi walikuja vijana weusi wa jua, wana nguvu, wanatetemeka kwa baridi yetu. Mechi ikaanza na kocha akaanza kupiga kelele: "Chini! Chezeni chini! Mpira chini!"

Timu yetu ikaenda chini.

Nakwambia walimtii kama wanajeshi. Kila aliyepata mpira aliupeleka bondeni. Winga wa juu akahama kwake, akaja bondeni. Mabeki wakaja bondeni. Upande wa mlimani pakabaki wazi, unaweza kulima. Na mpira, kwa kuwa una akili zake, ukawa unafika bondeni na kuendelea na safari, majani ya tembo, kabichi, bibi. Kocha akazidi: "Chini, nimesema! Chini zaidi!" Wakaenda chini zaidi. Kulikuwa na mpira mwingine wa akiba, ukachomwa na mti wa miba mapema tu, kwa hiyo ukabaki mmoja, na mmoja huo ulikaa na bibi kuliko ulivyokaa na sisi.

Kijana mmoja wa Mnazi alishuka na kiburi. "Wewe bibi, lete mpira!" Bibi kimya. "Bibi, nasema mpira!" Kimya. Watu waliokuwa ukingoni wakamwambia mwamkie, akaamkia huku ameangalia pembeni. Bibi akamwambia, "Mimi siko huko unakoangalia." Akarudia, uso kwa uso. "Marahaba. Mama yako hajambo?" "Hajambo." "Umemuacha anafanya nini?" Kijana akafikiri kweli. "Anapepeta mahindi." "Mwambie nimemsalimu," bibi akasema, akainuka. Kijana akapanda na mpira mpole kabisa, akaurusha kwa mwenzake, wakapita upande wa mlimani ambako hapakuwa na mtu wetu hata mmoja, wakafunga.

Mapumziko, moja bila. Sikuweza kukaa. Nilishuka kwenye tuta kwa makalio, nikakatiza uwanja, nikamfuata kocha. Na unajua malezi yalivyo, hata nikiwa na hasira mdomo ulikataa kuanza pengine. "Shikamoo kocha, unatufungisha!"

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Wewe ndiye unayewapeleka chini! Kila ukisema chini wanaenda chini!"

"Ndiyo, chini!" akafoka, akainama akaupiga udongo kwa kiganja. "Chini! Mpira utambae! Wasiubutue hewani!"

Timu nzima wakauangalia udongo pale alipopiga. Halafu mjomba Hoza akanyoosha midomo kuelekea bondeni. "Kocha, chini ni kule."

Kocha akaangalia bonde. Akaangalia udongo. Akaangalia wachezaji wake mmoja mmoja kama anawaona leo. Akavua kofia, akakaa kwenye majani, akacheka mpaka akakohoa. "Na juu ni wapi, jamani?" Wote wakaelekeza mlimani kwa midomo.

Kipindi cha pili kikaingia pamoja na ukungu. Ulipanda kutoka bondeni kama kawaida yake, unatambaa juu ya kabichi kwanza, halafu kingo, halafu uwanja, ukawa unaona magoti ya watu huoni vichwa. Kocha akabadilisha wimbo: "Juu! Juu! Weka juu!" Na hapo ndipo utamu ulipoingia, maana Mnazi nao wanatoka tambarare. Kila kocha akisema juu, mabeki wa Mnazi wanatazama angani, wengine wanaruka kabisa kuupiga kichwa mpira ambao haupo, na winga wetu anapita taratibu mlimani, mpira mguuni. Tukasawazisha. Mpira uligonga ule mkuyu, majani yakapukutika, ukaingia. Matuta yalitikisika. Nilipoteza kiatu na sikukitafuta.

Tukahitaji goli moja tu. Tukawashika, tukawafinya, dakika zinaisha. Halafu beki wao akabutua bila kuangalia, mpira ukapaa, ukavuka kingo, ukaingia ukunguni. Tukausikia ukitua. Kabichi ikilaliwa na mpira inatoa sauti ya mtu kung'ata.

Mpira wa kurusha ni wetu. Yule mtu wetu wa kushuka alikuwa amekaa, kabanwa na msuli. Akashuka mjomba Hoza mwenyewe, mbio, anateleza kwenye majani ya tembo, na mimi nikakimbilia ukingoni kuangalia.

Bibi alikuwa kwenye kisiki, amekalia mpira. Nilimwona kama kivuli.

"Mama, mpira!"

Kimya.

"Mama, refa anaangalia saa!"

Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Hoza. Leo umeniamkia?"

Juu kule watu wanapiga kelele majina yao wote wawili, na mengine ambayo si majina yao. Mjomba alisimama amekunja ngumi. Nilidhani atauvuta mpira kwa nguvu. Nilitaka auvute, nakwambia ukweli, nilipiga kelele, "Uvute!" Badala yake akapiga magoti kwenye kabichi. Yule mtu mrefu, na jezi yake, na daluga. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Onga mshi," akamjulia hali kwa Kishambaa.

"Niwedi, mama."

"Umekula?"

"Sijala."

"Kiazi chako kipo. Nimekifunika."

Halafu akainuka, akampa mpira kwa mikono miwili, kama anampa mtoto mchanga. Mjomba akapanda. Kichwa chake kilipotokeza kwenye kingo, refa akapuliza filimbi. Mwisho. Moja moja.

Mji haukumsemesha bibi kwa muda mrefu. Mimi niliyekula kwake na kulala kwake nilimjibu kwa mkato kwa miezi. Kocha alitimiza neno lake, timu ikashuka nyika msimu mzima. Na siku za mechi, wakati lori la wachezaji limeshashuka, uwanja mtupu, bibi alikwenda shambani akakaa kwenye kisiki chake, uso umeielekea kingo. Nilidhani analinda kabichi zisiliwe na ngedere. Siku moja nikamwambia kwa kiburi changu, "Bibi, wameondoka. Hakuna mpira leo." Akasema, "Najua."

Kule nyika hatukufanya la maana. Wachezaji wetu walikuwa wanaegemea upande, wanasubiri mlima usiokuwepo. Msimu uliofuata kocha mwenyewe akasema turudi. Mechi ya kwanza, mpira ukaenda zake bondeni, na mtu wetu alipotaka kushuka kocha akamshika bega. Akashuka mwenyewe. Akavua kofia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba," bibi akasema. "Umechelewa."

Bibi amekufa. Shamba lile nalilima mimi, kabichi hizi unazobonyeza zinatoka pale, na kile kisiki bado kipo. Siku ya kwanza nilipokuwa napalilia na juu kule kuna mechi, niliinua kichwa niangalie. Sikuona kitu. Nilisimama, nikanyoosha shingo, nikapanda juu ya kisiki. Kingo, majani ya tembo, mbingu. Basi. Unasikia watu wanapiga kelele, hujui za furaha au za kilio. Unasikia jina la mwanao linaitwa, hujui amefunga au ameumia. Njia ya kwenda kwenye matuta inazunguka mlima, inataka magoti, na magoti ya bibi yalishastaafu kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kumbeba kumpeleka. Hata mimi. Hata Hoza.

Nikiwa nimesimama pale kama mjinga, mpira ukaja. Ukapasua majani, ukadunda, ukaponda kabichi moja, harufu ikapanda, ukanifikia miguuni ukiwa bado na joto la watu. Nikauokota, na sitaki kukuficha, sikutaka kuurudisha. Maana ukirudi unaondoka na kila kitu. Hapo ndipo nikalijua lile shamba la tambarare la karibu na mfereji, kwa nini alilikataa. Mama yule hakuwahi kuona mechi ya mwanawe hata moja. Alichokiona ni kile kilichoanguka, na waliokifuata, uso kwa uso, muda wa salamu moja. Na siku waliyotaka kumnyang'anya hata hicho, ndiyo siku mwanawe alitoka bila kumuamkia.

Tangu msimu huu uanze mpira umeanguka kwangu mara nyingi tu, na kila mara anatumwa mtoto, anaukwapua, anakimbia. Nawaacha. Sina umri wa kudai shikamoo. Lakini wewe ndiye katibu mpya wa timu, wewe ndiye unayezunguka na maneno ya tambarare, unasimama juu ya tuta la watu wa mtaa wetu umekunja mikono, unasema pale si uwanja.

Umewahi kushuka?